Shati la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kliniki ya presha kaniambia niandike. Hakunipa dawa mpya, wala hakunikataza chumvi zaidi ya alivyokwisha kunikataza. Niandike tu. "Mama, moyo wako unakwenda mbio kwa sababu unayameza yote. Yateme kwenye karatasi." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne. Akasema presha haiulizi cheti.

Daftari jipya la nini, wakati hili la vipimo lina kurasa tele? Nimeligeuza juu chini, naanzia nyuma. Mbele ni vifua na viuno vya askari, nyuma ni mimi.

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Paa limevuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 4 Machi

Mashati matatu, suruali moja ya kupunguza kiuno. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Kifungo kaingia bila kufuta miguu, anacheka peke yake. Kifungo ni binti yangu. Jina lake la shule ni jingine, lakini alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati, na mimi ni fundi cherehani, basi likamganda. Kituoni wenzake humtania: askari gani huyu, hajakukamata umeshapewa kifungo!

Mtihani wa ukoplo umetangazwa. Nafasi saba. Yeye ni konstebo mwaka wa tisa huu. Mara ya kwanza aliambiwa kaanguka kwa alama mbili. Mara ya pili kafaulu, ila nafasi zimejaa. Safari hii, anasema, tangazo liko ubaoni na kila mtu analisoma: karatasi zitaandikwa namba badala ya majina, wasahihishaji watatoka mbali, na asiyeridhika ana siku saba za kwenda kulalamika kwenye Tume ya ajira za polisi.

"Mama, mwaka huu ni haki tupu."

"Tupu kama debe."

"Wewe nawe! Hawajaiba bado, umeshawakamata."

"Nimewashonea tepe miaka ishirini, mwanangu. Namjua aliyefaulu na aliyefaulishwa."

Kanibusu kipajini, kaenda kuoga anaimba. Mimi nimebaki na sindano mkononi bila uzi.

Jumapili, 16 Machi

Sasa wanasoma wawili, mezani kwangu, katikati ya mikasi na chaki. Mwenzake ni konstebo tunayemwita Mrefu. Mikono yake haijawahi kupata shati stoo, kila sare yake lazima niunge kitambaa. Yeye huuliza, Kifungo hujibu, kisha wanabadilishana, nami nakanyaga cherehani.

"Askari akiletewa mali iliyookotwa?"

"Aiandike kwenye kitabu siku hiyohiyo, na aliyeileta atie saini."

"Na asipoandika?"

"Basi haikuletwa," nikadakia mimi.

Mrefu kacheka hadi kagonga taa. "Mama, vaa gwanda ukafanye wewe."

Mimi ndivyo nifanyavyo hapa miaka yote. Anayeleta nguo namwandika humuhumu daftarini, upande wa mbele, tarehe na idadi, naye anasaini. Niliwahi kusingiziwa suruali, nikajifunza.

Kijana mwenyewe ana heshima, shikamoo yake haikosi. Lakini najiuliza. Nafasi ni saba, wanaozitaka ni sitini na kitu. Mtu anayemfundisha mshindani wake bure anatafuta nini? Nimemtazama sana mikono wakati anafunga vitabu. Hakuchukua kitu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Mrefu kamaliza sukari.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo mtihani. Nilishona mfuko nje ndani, nikafumua, nikashona tena nje ndani.

Karudi saa nane, viatu vimejaa maji. Nikauliza, rahisi? Akasema si rahisi, ila nilikuwa nayajua. Ukumbi ulivuja, walianza kwa kuchelewa. Kisha akaniambia la dereva wa mkuu wa kituo. Kaingia nusu saa baada ya wote, kaandika ukurasa mmoja, kalalia mikono.

"Kalala?"

"Kakoroma, mama. Msimamizi kamfunika koti."

Yeye kacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekoroma kwenye mtihani ama hajali, ama hana haja ya kujali.

Kusahihisha kunaanza tarehe 14. Matokeo tarehe 25, na gwaride la kuvishwa vyeo ni siku hiyohiyo, kwa kuwa kuna mkubwa atakuja.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike polepole.

Asubuhi kaja Mzee wa Stoo na furushi ndani ya mfuko wa nailoni. Huyu mzee tumejuana tangu mume wangu yu hai. Mashati saba mapya, na tepe za koplo pea saba. Kila shati limebanwa kikaratasi cha vipimo, bila jina, bila namba ya askari. "Yarekebishe, ushone na tepe. Nayataka kabla ya tarehe 24."

"Ya nani haya?"

"Ya akiba, Mama Tepe."

"Akiba inapimwa mabega?"

Kacheka kidogo, kikohozi zaidi kuliko kicheko. Kasaini kitabu changu, tarehe 10 Aprili, mashati saba na tepe, kaondoka kwenye mvua bila kungoja ipungue. Mtu mwenye baridi yabisi.

Nafasi saba, mashati saba, na karatasi za mtihani bado zimefungwa lakiri.

Nikasoma vikaratasi. Wao wanadhani mtu anajulikana kwa jina. Mimi jina la mtu nalisahau njiani, kwapa lake silisahau. Cha kwanza: mkono wa kushoto pungufu robo tatu inchi. Huyo ni dereva, aliyevunjika akaungwa vibaya, mimi ndiye humfupishia. Cha pili, kiuno kinazidi kifua: karani wa mapokezi. Cha tatu, shingo ya ng'ombe, mpwa wa mkuu wa kituo. Nikaendelea hivyo, mmoja mmoja, kama wanapita mlangoni wakinisalimia. Mrefu hayumo. Hakuna mkono wa kuunga.

Tena hivi vipimo ni vyangu. Nusu inchi mimi huichora kama mguu wa kuku, hakuna fundi mwingine afanyaye hivyo, na mguu wa kuku umo kwenye kila kikaratasi. Januari Mzee wa Stoo aliazima daftari hili siku mbili, eti wanaagiza sare mpya. Kumbe ndiyo hii sare.

Nikafika cha saba. Kifua thelathini na nne. Bega la kulia limeshuka, mguu wa kuku mmoja. Alianguka ngazi akiwa darasa la pili. Nililia kuliko yeye.

Shati la saba ni la Kifungo.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikumwambia kitu. Kala, kaenda kazini. Nimemtazama mgongoni mpaka kona.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeitumia kwa majirani, kwa mawifi, kwa wateja. Sikujua siku moja nitaijaribisha kwa mwanangu.

Kwa nini yumo? Wenzake sita najua wameingiaje: mmoja ndugu, mmoja dereva, wengine wanabeba mikoba. Yeye si ndugu wa mtu. Na sisi hatuna cha kutoa. Msichana asiye na cha kutoa, anatoa nini? Mungu nisamehe kwa kuliandika. Ijumaa kashushwa hapa na gari la mkuu wa kituo. Nikauliza, akasema mvua, mama, wote tulipewa lifti. Wote ni nani? Sikuona mwingine ndani. Simu ikilia anatoka nayo nje. Zamani alikuwa anaongea hapahapa, hata mambo ya kunitia aibu.

Nimeshona mashati matatu. Tepe zimekaa sawasawa. Mikono haijui siri, inafanya kazi tu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefungua mkoba wake. Kitana, kitambulisho, pipi za kikohozi. Nimeufunga. Presha yangu nesi angeiona angekimbia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshindwa. Nimejifunika nailoni nikaenda stoo na mashati manne, kama ninayepeleka kazi.

Mzee wa Stoo alikuwa peke yake, anahesabu mabuti. Nikafunga mlango.

"Kaka, mwanangu kafanya nini na mkuu wako?"

"Mama Tepe, fungua mlango, watu watasema."

"Waseme. Shati la saba ni la Kifungo. Usinikatalie, nimelipima hilo bega tangu lina nepi."

Akakaa juu ya kreti. Akafuta miwani kwa shati lake, akaivaa ikiwa na ukungu vilevile.

"Binti yako hajafanya lolote. Hajui lolote."

"Basi kaingiaje?"

"Kwa ajili yako."

Sikuelewa. Akarudia kama anayemwelekeza mtoto. Orodha ilikuwa imejaa saba tangu Desemba. Mkuu alitaka mashati yawe tayari kwa gwaride, akaagiza majina yasiandikwe. Yeye mzee ndiye aliyesema: afande, jina uandike usiandike, yule mama atamtambua kila mtu kwa vipimo. Mkuu akafikiri, akacheka. Akamkata wa saba, akasema, basi mtie wa kwake. Fundi akishona la mwanawe, mdomo nao anaushona.

"Nilidhani nakutendea wema, dada yangu," akasema. "Miaka tisa. Mtoto anastahili."

"Kama anastahili, mbona hamkumngoja asahihishwe?"

Akaanza upya kuhesabu mabuti, kutoka moja.

Nimerudi kwa miguu, nailoni nimeisahau huko. Nilikuwa namtilia mashaka mtoto, kumbe mlango walioingilia ni mimi. Na hivi sasa, ninavyoandika, nimeshona la saba. Ndiyo. Nimelishona vizuri kuliko yote. Miaka tisa, na nimechoka kumwona akipigia saluti watu aliowafundisha kazi.

Ijumaa, 25 Aprili

Majina yametoka. Saba walewale. Gwaride limepigwa kwenye matope, Kifungo kavishwa tepe, kalia mbele za watu. Mrefu ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi. Kaja nyumbani na soda mbili.

"Umestahili, koplo," akamwambia. Kisha kwangu: "Mama, mwakani na mimi. Anza kutafuta kitambaa cha mikono."

Hakuna nilichokiona usoni mwake, na nilitafuta. Niliyemshuku wiki sita ni huyu, na ndiye pekee aliyekuja na mikono myeupe. Soda sikuigusa.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia. Nilimwambia nikiwa nimeshika kola yake, kama ninayemrekebisha, kwa sababu sikuweza kumtazama.

Mvua ilisikika ikianza mtaa wa pili, ikaja, ikatufikia.

"Ulijua lini?"

"Tarehe 10. Yote nikayajua tarehe 17."

"Nimevishwa tarehe 25, mama."

"Najua."

"Siku nane. Ukanipigia pasi shati. Ukaniacha nikalie pale kama zuzu, na dereva kando yangu analia pia!"

"Nilitaka ukipate cheo. Hata kama ni kwa mlango wa nyuma, nilitaka upite."

"Mimi mlango wa mbele nilikuwa najua majibu yake." Akavua shati, akaliweka juu ya cherehani bila kulikunja. "Sasa sitajua kamwe kama ningepita. Umenishonea tepe, umenifumua mimi."

Kaingia chumbani. Sijawahi kusikia mlango wa nyumba hii ukifungwa taratibu hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Hatuongei. Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Kaongea. Siku saba za malalamiko zinaisha keshokutwa, anakwenda Tume. Nikamwambia utapoteza cheo. Akasema cheo gani? Akauliza, "Una ushahidi wowote, au maneno tu?"

Upo. Kitabu. Tarehe 10 Aprili, mashati saba na tepe, saini ya Mzee wa Stoo, siku nne kabla karatasi hazijafunguliwa. Na vipimo vyote viko mbele, vilivyonakiliwa hadi mguu wa kuku.

Ila kitabu ndicho hiki. Nyuma yake niko mimi. Yapo ya mkoba. Yapo yale ya tarehe 14, ya msichana asiye na cha kutoa.

Alipokwenda kazini nilichukua mkasi nizikate kurasa za nyuma. Mimi ni mtu wa nyuzi, nikajua kabla sijakata: daftari limeshonwa katikati, karatasi moja ina miguu miwili. Ukurasa wa tarehe 14 ukiutoa, mwenzake wa upande wa pili unalegea na kuanguka, na mwenzake ndio wenye saini. Nimekaa na mkasi wazi mpaka chai imepoa. Ama niiache aibu yangu, ama niutupe ukweli wake. Havikatiki.

Jumatano, 30 Aprili, asubuhi

Nimempa asome yeye kwanza. Afadhali anisome yeye kuliko nisomwe na karani.

Alisoma amesimama. Alipofika tarehe 14 nikaona kidole kimesimama kwenye mstari. Nikasema, "Mwanangu." Akainua mkono nisiseme.

"Pipi za kikohozi umeziandika," akasema mwishoni.

"Nimeandika yote."

"Na simu nilikuwa natoka nayo nje kwa sababu cherehani yako inapiga kelele, mama. Miaka yote inapiga kelele." Akanitazama, macho mekundu. "Hiki kitabu kiende hivi kilivyo. Wakiona umenishuku hata mimi, watajua huwaonei wao."

Sikujua kama ananisamehe au ananipiga. Nadhani vyote.

Jumatano, 30 Aprili, jioni

Tume iko ghorofa ya tatu, lifti ni mbovu. Karani wa malalamiko, mwanamke wa makamo, miwani kifuani, kasoma mbele, kasoma nyuma, kalamba kidole kila ukurasa.

"Wewe ni nani kwa huyu koplo?"

"Mama yake mzazi."

"Na unajua jina lake limo kwenye hao unaowalalamikia?"

"Nimelishona mwenyewe."

"Hii alama ya kama kidole cha ndege ni nini?"

"Nusu inchi."

Akageukia Kifungo. "Afande, ukiniachia hiki siwezi kukurudishia ulichokuwa nacho jana. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Sauti yake ya gwaride.

Wamepiga fotokopi kurasa zote, hata hizi za nyuma, wakazigonga mhuri. Sasa mashaka yangu ni mali ya serikali.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna shati hata moja wiki hii. Askari wanapita ng'ambo ya barabara. Mmoja katema mate. Mrefu tu ndiye aliyekuja, na suruali isiyohitaji kushonwa. Nimeishona hivyohivyo.

Jumatano, 21 Mei

Barua ya Tume. Mtihani wote umefutwa, utarudiwa tarehe 14 Juni. Mkuu wa kituo kapewa likizo, na likizo ya wakubwa mimi siiamini, huwa wanarudi wamenenepa. Mzee wa Stoo kahojiwa, kaikubali saini yake. Na waliokuwa kwenye orodha, wote saba, hawataruhusiwa kufanya mtihani hadi uchunguzi uishe.

Wote saba. Sheria imemkuta dereva na mwanangu wamesimama mstari mmoja, ikawafyeka pamoja.

Nikasema nitapanda tena zile ngazi nikawaambie yeye hakujua. Kifungo akasema, "Walishasoma kwamba sikujua. Ndiyo kanuni, mama. Wakianza kuchagua wa kumwonea huruma, tumerudi kulekule."

Nikafumua tepe zake kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nisitoboe kitambaa. Alikuwa pembeni yangu anaziokota nyuzi.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imepungua. Wanasoma tena wawili, ila sasa mwenye mtihani ni mmoja. Kifungo anamkamia Mrefu kuliko mwalimu. Kamwambia akianguka asikanyage tena hapa.

Jumamosi, 14 Juni

Mtihani. Kwa kuwa haruhusiwi kuingia, wamempanga ulinzi mlangoni. Sijui aliyepanga alifikiria au alikuwa anacheka.

Manyunyu yalikuwa bado yapo. Nikachukua mwavuli na chupa ya chai, nikaenda. Nikamwona kabla hajaniona: konstebo, mikono ya shati mitupu, anasoma kitambulisho cha kila anayeingia, anamtazama usoni, anaweka alama. Mrefu alipofika alikisoma chake pia, juu hadi chini, kama hajapata kumwona maishani.

"Unanijua, Kifungo!"

"Kitambulisho ndicho kinachokujua. Ingia, namba thelathini na moja."

Nikasogea na chai. Kulikuwa na kamba imefungwa kati ya nguzo mbili, nikaiinamia nipite.

"Mama. Hapana."

"Chai tu, mwanangu. Umelowa."

"Aliye na namba ndiye anayepita kamba. Rudi nyuma."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo sababu." Mkono wake ulibaki umenyooka, unanionyesha ninakotakiwa kusimama. "Nyuma ya kamba, tafadhali."

Watu walikuwa wanatazama. Nikarudi nyuma ya kamba. Nikafungua mwavuli, nikasimama hapo hadi mlango ulipofungwa, nikimhesabu kila aliyeingia, maana yeye sasa namwamini, wao bado.